Santino Marella: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu mwanamieleka aliyechekesha ulimwengu

Sisi ni wapenzi wa mieleka wa Arusha. Maswali haya tumeyakusanya kwenye vibanda vya video vya Ngarenaro na Sombetini, kwa wanafunzi wa sekondari, kwa akina mama wanaotaka kujua watoto wao wanatazama nini, na kwa wazee wanaotukuta tukibishana. Tumeanza na Santino Marella kwa sababu mtaani amekuwa akisemwa kwamba hakuwa mpiganaji, alikuwa wa kuchekesha watu kabla mapambano ya maana hayajaanza. Hatukubaliani na hilo hata kidogo, na tutaeleza kwa nini.

Santino Marella ni nani hasa?

Jina lake halisi ni Anthony Carelli. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Mississauga, mji ulio jirani na Toronto, Kanada. Alianza judo tangu utotoni, akaenda Japani kujifunza mieleka ya kule, kisha akaingia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, na kupigana humo kuanzia 2007 hadi 2014. Humo ndimo alimojulikana kama Muitaliano mwenye maneno mengi, mwoga kidogo, mwenye nyusi zilizoungana na mkono unaogeuka nyoka.

Ni Muitaliano kweli?

Ukoo wake una asili ya Italia, lakini yeye ni Mkanada. Kile Kiingereza cha kukoseakosea alikiigiza. Nje ya ulingo anazungumza kama Mkanada yeyote. Nalo Marella ndilo lililokuwa jina halisi la ukoo la Gorilla Monsoon, mwanamieleka na mtangazaji wa zamani anayeheshimika sana katika kampuni ile.

Nimesikia alikuwa mtazamaji tu, akaitwa kutoka jukwaani akashinda mkanda. Inawezekana?

Hilo ndilo tunaloulizwa kuliko yote. Tukio lenyewe lipo na unaweza kulitazama. Ilikuwa tarehe 16 Aprili 2007, Raw, kipindi cha kila wiki cha WWE, kikirekodiwa Milan, Italia. Vince McMahon, mwenye kampuni, alisimama ulingoni akasema atachagua mtu mmoja kati ya watazamaji apigane na Umaga, aliyekuwa bingwa wa mabara. Umaga alikuwa Msamoa wa zaidi ya kilo 150, mwenye michoro usoni, ambaye wakati huo watu wakimwona wanahurumia mpinzani wake kabla kengele haijalia. Kijana aliyeteuliwa akaruka uzio na nguo zake za kawaida. Akapigwa. Kisha Bobby Lashley akaingia, akamshughulikia Umaga mpaka akalala, na yule kijana akamlalia. Mwamuzi akahesabu tatu. Ukumbi mzima wa Waitaliano ukalipuka, maana kwao mtoto wa nyumbani ameshinda mkanda siku ya kwanza.

Kijana yule ndiye Carelli, na hakuwa mtazamaji. Alikuwa ameshaajiriwa na alikuwa akifundishwa kwa muda katika tawi la mafunzo la Louisville, Marekani. Ila zingatia jambo moja: ili hadithi ile ikubalike, ilibidi apigane kama mtu asiyejua kupigana. Mtu aliyelala kwenye mikeka ya judo tangu utotoni alitakiwa asimame vibaya, arushe ngumi vibaya, aanguke kama mtu aliyesukumwa kwenye kifodi, yaani daladala ndogo. Jaribu kuficha ufundi ulio mwilini mwako kwa zaidi ya miaka ishirini, tena mbele ya kamera, uone. Sisi tunaona usiku ule ndipo kazi yake ya uchekeshaji ilipoanza, ingawa hakuna aliyecheka.

Mimi ni mzee wa Kijenge. Kwani hiyo mieleka yenu si maigizo? Mbona mnaipigia kelele?

Shikamoo mzee wetu. Ndiyo, mshindi hupangwa kabla ya pambano, na hilo si siri. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, ikiitwa WWF wakati huo, ilikiri mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, kwa kuwa ilitaka iondolewe kwenye sheria zinazosimamia michezo ya ushindani.

Lakini mzee, kinachopangwa ni hadithi. Uzito haupangwi. Chini ya turubai la ulingo kuna sponji nyembamba, chini ya sponji kuna mbao, na chini ya mbao kuna vyuma. Mtu anayetupwa hapo anatua kweli. Ndiyo maana kuanguka ni somo la kwanza: kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge, mgongo wote unafika chini kwa wakati mmoja, na mikono inapiga sakafu ili kishindo kisambae kisikae mahali pamoja. Judo nayo huanza na somo hilohilo. Mtu kama Santino alikuja nalo kutoka nyumbani.

Kama alikuwa mpiganaji wa kweli, kwa nini alikubali kuwa kichekesho?

Hakuanza hivyo. Kule Louisville aliitwa Boris Alexiev, Mrusi mkali asiyecheka. Na hapo katikati kuna kisa cha mwaka 2005 ambacho wapenzi wa mieleka wanakijua. Alikuwa amekaa mstari wa mbele wakati mwenzake anayeitwa Boogeyman akitoka na vitisho vyake, naye alitakiwa aogope. Akacheka. Jim Cornette, aliyekuwa akiongoza mafunzo, akamzaba makofi nyuma ya jukwaa. Cornette alisimamishwa kazi kwa tendo hilo, na hatimaye akaondolewa. Yaani kijana aliyepigwa makofi kwa kucheka ndiye aliyekuja kulipwa kwa kuchekesha. Maisha yana mambo.

Baada ya Milan alikuwa steringi wa kawaida, kijana mwema anayependwa kwa sababu alibahatika. Mkanda ulirudi kwa Umaga tarehe 2 Julai 2007, na hadithi ya kijana mwenye bahati ikaishiwa mafuta. Wakambadilisha kuwa adui: mpenzi mwenye wivu wa mwanadada Maria, anayejisifu, anayekosea majina ya watu, anayetaka ugomvi halafu anarudi nyuma ugomvi ukija. Hapo ndipo kipaji kilipojitokeza. Watu walitakiwa wamzomee, wakajikuta wanacheka, na mwisho wakaanza kumshangilia.

Sasa tueleze ufundi wenyewe, maana hapa ndipo mtaani tunapokosea. Kwanza, mhusika wa Santino hajui kwamba anachekesha. Yeye anajiona shujaa mkubwa. Waliomfuatilia marehemu Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, wanalielewa hili bila kufundishwa: anayeomba kicheko hakipati, anayeng'ang'ania jambo lake kwa dhati ndiye anayetuvunja mbavu. Pili, ni muda. Akiruka mguu huku na mguu kule kukwepa ngumi, yaani anakaa msamba kabisa, akichelewa nusu sekunde ngumi inampata. Akiwahi, mtazamaji anaona wamepatana. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, mpinzani asidhalilike. Yule anayepigana na Santino leo, wiki ijayo anatakiwa atishe watu. Mchekeshaji asiyejua kazi anawaangusha wote wawili. Santino alijua kujishusha mwenyewe mpaka chini huku akimwacha mwenzake na heshima yake, na ndiyo maana hata wale wakubwa walikubali kupigana naye.

Na judo haikwenda kokote. Mtazame anapomtupa mtu kwa nyonga. Uso unachekesha, lakini angalia miguu: inaingia ndani, magoti yanakunjwa, kiuno kinapita chini ya kiuno cha mwenzake.

Cobra ni pigo gani? Linaua kweli?

Halimuui mtu! Cobra alianza kuitumia 2010. Anainua mkono wa kulia, anaukunja kwenye kiwiko na kwenye kifundo mpaka unafanana na nyoka aliyesimama, mkono unaanza kutikisika kana kwamba una uhai wake na yeye hauwezi, kisha unachoma shingo au uso wa mpinzani kwa ncha za vidole. Baadaye akaongeza soksi ndefu yenye sura ya nyoka, anaivaa mkononi kabla ya kupiga.

Watoto waliopelekwa na shule zao Meserani, ile bustani ya nyoka kilomita kama 25 kutoka mjini kwa barabara ya Dodoma, wanaipenda Cobra kuliko watoto wengine, na wanajua kwa nini. Wamemwona nyoka wa jamii ile akiinua kichwa, akitanua shingo, akikaa kimya. Kinachotisha ni kule kukaa kimya. Santino alifahamu hivyo. Pigo lenyewe ni la kufumba na kufumbua, lakini maandalizi yake ni marefu: soksi inatolewa, ukumbi unasimama, watoto nao wanakunja mikono yao, mpinzani anayumba katikati ya ulingo bila kujua kilicho nyuma yake. Mpaka mkono unapotoka, kazi yote imeshafanywa na watu wenyewe. Mwanamieleka akiweza kuusimamisha ukumbi wa watu elfu kumi na tano kwa soksi, huyo anaijua kazi yake.

Alishika mikanda mingapi?

Katika WWE alikuwa bingwa wa mabara mara mbili, bingwa wa Marekani mara moja, na bingwa wa timu mara moja.

Mkanda wa kwanza wa mabara ni ule wa Milan. Wa pili aliupata SummerSlam, onyesho kubwa la WWE la kila Agosti, tarehe 17 Agosti 2008, na hapo akaleta kioja ambacho sisi tunakiweka juu sana. Zamani kulikuwa na bingwa anayeitwa Honky Tonk Man, aliyeushika mkanda huo kwa siku 454, kuanzia Juni 1987 hadi Agosti 1988. Santino akatangaza kwamba ataivunja rekodi hiyo, akawa anakuja na chati ya kupima siku zake dhidi ya zile 454. Kila wiki chati inaonyesha kijisehemu kidogo, na kila wiki yeye anashangilia kana kwamba amebakiza siku mbili. William Regal akamnyang'anya mkanda huko Manchester, Uingereza, tarehe 10 Novemba 2008, mapema mno. Rekodi ya siku 454 ilikuja kuvunjwa Septemba 2023 na Gunther, mtu asiyecheka kabisa.

Mkanda wa Marekani alimpokonya Jack Swagger mjini Boston tarehe 5 Machi 2012, akakaa nao hadi SummerSlam ya Agosti 2012, akaupoteza kwa Antonio Cesaro.

Yule Mrusi mkubwa aliyekuwa rafiki yake ni nani?

Vladimir Kozlov. Aliigizwa kama Mrusi, ila alizaliwa Kyiv, Ukraine. Walishinda mkanda wa timu tarehe 6 Desemba 2010, na waliokuja kuuchukua Februari iliyofuata ni Heath Slater na Justin Gabriel. Gabriel ni wa Afrika Kusini, kwa wanaohesabu Waafrika.

Na Kofi Kingston? Walikuwa maadui?

Kwenye hadithi, ndiyo. Ile SummerSlam ya 2008 ilikuwa pambano la wawili kwa wawili, mwanamume na mwanamke kila upande, na atakayeshinda anachukua mikanda yote. Kofi alikuwa na mkanda wa mabara, Mickie James alikuwa na wa wanawake. Santino na Beth Phoenix wakaondoka na yote miwili.

Machalii wengi hapa wanampenda Kofi kwa sababu ni Mghana, na wakati mwingine wanamchukia Santino kwa usiku ule. Lakini tazameni wanavyofanana. Mwaka huo Kofi, mtoto wa Ghana, alikuwa akitambulishwa kama Mjamaika, na Mkanada alikuwa akitambulishwa kama Muitaliano. Wote walipewa nchi za kuazima wakafanya kazi. Kofi baadaye akaachiwa kuwa Mghana, na tarehe 7 Aprili 2019 akawa bingwa wa WWE kwa kumshinda Daniel Bryan. Likumbuke jina la Daniel Bryan, tutalikuta tena hapa chini.

Ni kweli alikaa kwenye Royal Rumble sekunde moja?

Ni sekunde 1.9. Royal Rumble ni pambano ambalo watu 30 wanaingia mmoja baada ya mwingine, na ukirushwa juu ya kamba ya juu miguu yote miwili ikagusa sakafu, umetoka. Januari 2009 huko Detroit, Santino aliingia mbio, Kane akamkuta, akamrusha nje palepale. Rekodi ya awali ilikuwa sekunde mbili, ya The Warlord mwaka 1989, na ilikuwa imedumu miaka ishirini.

Wengi wanaliona tukio hilo kama aibu. Sisi tunaona kwamba mtu anayekimbia kwa kasi yake yote, akageuzwa hewani na kutua sakafuni bila kuvunjika, ndani ya sekunde mbili, na bado akapata nafasi ya kuweka uso wa mshangao, huyo amefanya kazi kubwa.

Aliwahi kukaribia kuwa mkubwa kabisa?

Mara mbili, na hapa ndipo tunapoomba msomaji asituharakishe.

Mara ya kwanza ni Royal Rumble ya tarehe 30 Januari 2011, Boston, mwaka ambao washiriki waliongezwa wakawa 40. Alberto Del Rio akabaki peke yake, akaanza kushangilia, muziki wake ukapigwa. Kumbe Santino alikuwa bado. Alikuwa ametoka nje kwa kupita chini ya kamba, si juu yake, kwa hiyo kisheria yumo. Akatambaa akaingia, Del Rio akageuka, akakutana na Cobra. Ukumbi mzima ukasimama. Kwa sekunde kadhaa watu wazima, wanaojua kabisa kwamba mambo haya hupangwa, waliamini kwamba Santino anakwenda WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la WWE, kupigania ubingwa wa dunia. Kisha Del Rio akamrusha nje.

Mara ya pili ni tarehe 19 Februari 2012, Milwaukee, ndani ya Elimination Chamber, kile kizimba cha minyororo wanamopigana watu sita. Nafasi ilikuwa ya Randy Orton, akaumia kichwa, Santino akashinda pambano la kugombea nafasi iliyobaki. Walikuwemo majitu mawili, Big Show na The Great Khali. Walikuwemo Wade Barrett na Cody Rhodes. Wakatoka mmoja mmoja. Wakabaki wawili: bingwa, Daniel Bryan, na Santino.

Kelele za siku ile si za kucheka. Sikiliza sauti ya watazamaji utaona tofauti. Santino anamchoma Bryan kwa Cobra, anamlalia, mwamuzi anahesabu moja, mbili, Bryan ananyanyua bega, na ukumbi unalia kama timu ya nyumbani imekosa penalti Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Miaka mitano watu walikuwa wakimcheka, na katika kumcheka walimpenda bila kujijua, mpaka siku alipopewa nafasi moja wakaitaka kuliko yeye. Hakuna shujaa wa kawaida ambaye angepata kelele zile katika nafasi ile, kwa sababu shujaa wa kawaida akishinda tumezoea. Bryan akambana shingo na mkono, Santino akasalimu amri. Tunaposema kazi ya mchekeshaji ni kazi nzito, tunazungumzia usiku huo.

Kwa nini alivaa kama mwanamke? Watoto wangu waliona.

Hiyo ni WrestleMania ya 25, Houston, tarehe 5 Aprili 2009. Kulikuwa na pambano la wanawake 25 la kumtafuta malkia wa WrestleMania. Santino akaingia amevaa wigi na gauni, akajiita Santina, pacha wake, akashinda.

Hapa hatumtetei. Kwetu mwanamume kuigiza mwanamke kwenye vichekesho si jambo geni, Joti amefanya hivyo na familia nzima zikakaa sebuleni zikacheka. Shida yetu si gauni. Siku ile waliitwa wanawake waliopigana miaka mingi, baadhi wakiwa wamerudi baada ya kustaafu, na zawadi yao ikapewa mwanamume mwenye wigi. Utani ukimnyang'anya mtu haki yake unakuwa mzigo kwake. Mwenye kosa zaidi ni aliyeandika hadithi ile.

Mhusika huyo alirudi Januari 2020, mji uleule wa Houston, kwenye Royal Rumble ya wanawake. Akawakuta Natalya na Beth Phoenix, akaogopa, akajipiga Cobra mwenyewe akaenda nje. Mara hii waliobaki ulingoni ni wanawake. Hiyo tuliipenda.

Mbona sisi tulikuwa tunamwona akipigwa tu?

Kwa sababu ya namna tulivyokuwa tunatazama. Raw ilirushwa Marekani Jumatatu jioni, na kwetu hiyo ni Jumanne kabla hakujakucha. Vibandani tulikuwa tunatazama diski, na nyingi kati ya hizo zilikatwa maneno zikabaki ngumi. Sasa Santino ukimkatia maneno unabaki na nini? Anaingia, anakwepa, anapigwa, anatoka. Hatukuona mahojiano yake, chati yake, wala wivu wake kwa Maria. Ni kama kusoma barua iliyochanwa nusu.

Kwa nini aliacha?

Shingo. Aliumia shingo mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu ndiyo iliyomaliza. Tarehe 6 Julai 2014, kwenye onyesho la Toronto, karibu kabisa na nyumbani kwao, alichukua kipaza sauti akawaambia watu kwamba amestaafu. Alikuwa na miaka 40.

Anayesema Santino hakuwa mpiganaji kwa sababu alichekesha, atueleze shingo ile ilichanikaje. Ubao wa ulingo haumuulizi mtu kama leo amekuja kuchekesha au kutisha.

Sasa anafanya nini?

Mwaka 2013 alifungua chuo cha mafunzo huko Mississauga kinachoitwa Battle Arts Academy, jina linalokumbusha kampuni ya Kijapani aliyojifunza kwao. Uhusiano wake na WWE ulikatika 2016. Tangu 2023 amekuwa akionekana kwenye kampuni ya Impact, ambayo 2024 ilirudia jina lake la zamani la TNA, akiigiza mkuu anayepanga nani apigane na nani. Binti yake naye ni mwanamieleka, anatumia jina la Arianna Grace, na baba na binti wameshaonekana pamoja kwenye kipindi.

Naandika kutoka Kwa Mrombo. Mwanangu ana miaka minane, anampiga mdogo wake Cobra. Nimkataze?

Mama, usimkataze kumpenda Santino. Mkataze mambo matatu. La kwanza, vidole visiende kooni wala machoni. Cobra ya nyumbani iguse bega, basi. La pili, hakuna kumnyanyua mtu na kumwangusha kichwa chini, hata kitandani, hata kwa mchezo, kwa sababu shingo ya mtoto ni nyepesi na sakafu zetu ni saruji. La tatu, hakuna kuruka kutoka kwenye kochi au ukuta kumwangukia mwenzake. Mwambie pia kwamba Santino mwenyewe, aliyefundishwa tangu akiwa mdogo kama yeye, aliumia shingo mara tatu. Watoto wanamsikiliza shujaa wao kuliko sisi.

Kama una nafasi, mtafutie mwalimu wa judo, karate au sarakasi. Nguvu hizo zitapata pa kwenda.

Mimi chalii wa Unga Limited, watu wananiambia nachekesha na mwili ninao. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kuanguka, chalii wetu. Tafuta mwalimu mwenye mikeka, na umpime kwa jambo moja: je, wiki za kwanza anakufundisha kuanguka, au anakutaka urushe watu siku hiyohiyo? Wa pili mkimbie. Fanya mazoezi ya shingo na ya tumbo kila siku, ndivyo vinavyokulinda.

Kisha jifunze kuigiza. Ingia kikundi cha sanaa mtaani, na ukiweza kusoma rasmi kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, wanafundisha maigizo na sarakasi chini ya paa moja, jambo ambalo kwa ndoto yako linafaa kabisa. Tafuta mhusika wako hapahapa. Kondakta wa kifodi anayejiona rubani, dalali wa Kilombero asiyekubali kushindwa bei, mgambo anayeogopa mbwa: hao wote wanaweza kuingia ulingoni kesho. Usiige Muitaliano wa Santino, huyo ana mwenyewe.

Na usikate tamaa kwa ajili ya umri. Carelli alisimama Milan akiwa na miaka 33.

Nianze kutazama mapambano gani?

Milan, Aprili 2007, ili uone alivyoficha ufundi. Kisha vipindi vya chati ya Honky Tonk Man vya vuli ya 2008, na safari hii sikiliza maneno yote, usiruke. Sekunde 1.9 za Januari 2009 utazitazama mara nyingi bila kulazimishwa. Halafu mwisho wa Royal Rumble ya 2011. Elimination Chamber ya Februari 2012 iache ya mwisho, uitazame yote tangu mlango unafungwa, na watu wakibaki wawili ongeza sauti ili uwasikie watazamaji wa Milwaukee.